Mstari Mwekundu chini ya Kiswahili Chetu

Mwanafunzi anayepiga chapa tasnifu yake ya Kiswahili katika duka la tarakilishi mjini Kitale au Bungoma hukumbana na jambo la kusikitisha: karibu kila neno hupigiwa mstari mwekundu. Yanayosalimika ni machache, kama vile pole, wake na mate, nayo husalimika kwa kuwa Kiingereza kina maneno yenye tahajia iyo hiyo. Kiswahili sanifu huhesabiwa kosa, ilhali kosa halisi, kama kuandika "dhamani" badala ya "thamani", hujificha katika wekundu huo.

Wapo wanaoilaumu mashine. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya lawama ni yetu.

Kusahihisha tahajia ni kazi ya maktaba ya programu, yaani hazina ya taratibu ambazo programu nyingine huziazima. Mojawapo mashuhuri ni Hunspell, iliyobuniwa kwa ajili ya Kihungari. Hutumiwa na LibreOffice na Firefox, iwe ni katika Windows, Linux au Mac. Kuiweka ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, haijui lugha yoyote mpaka ipewe faili mbili za maandishi: moja ya orodha ya maneno na mashina, nyingine ya kanuni za viambishi.

Mgala muue na haki umpe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili iitwayo sw_TZ. Lakini orodha ya maneno pekee, hata iwe ndefu vipi, haiwezi kukimaliza Kiswahili.

Tutazame kitenzi "piga". Viambishi sita vya nafsi na vinne vya njeo (-na-, -li-, -ta-, -me-) huzaa minyororo 24. Tukiongeza viambishi vitano vya yambwa (-ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-), jumla hufika 144, kabla ya kuondoa isiyokubalika kama "ninanipiga", na kabla ya kugusa ukanushi, ngeli na mnyambuliko. Isitoshe, kwa kawaida Hunspell huvua kiambishi awali kimoja tu. Ili neno "tutawapigia" likubalike, "tutawa-" haina budi kuandikwa kama kiambishi kimoja. Ni nani aijuaye minyororo hii kuliko mwanafunzi wa mofolojia? Sisi huijibia mtihani, kisha tukaisahau.

Napendekeza basi kila chama cha wanafunzi kitwae njeo moja au ngeli moja kila muhula na kuziandika kanuni zake. Wahadhiri wazihakiki, na wenzetu wanaosomea kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma na Kitale National Polytechnic, wazijaribu. Faili hizo ni za maandishi tu. Hazidai mtambo wa gharama.

Wako watakaodai kwamba huu si usomi, ama kwamba makampuni makubwa ya ng'ambo yatatufanyia. Nawajibu kwamba kanuni isiyoweza kumwelekeza mchapaji wa Kitale bado haijakamilika, na kwamba chombo cha mwenzio hukirekebishi upendavyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.