Pampu Haifii Shambani, Inafia Stoo

Mvua zimeshika, kumwagilia kumesimama, na pampu nyingi zimerudishwa nyumbani. Zimewekwa kona ya stoo, zimefunikwa kiroba, basi. Hakuna atakayezigusa mpaka mvua zikatike na bustani za vitunguu na nyanya zianze tena. Hiyo ni miezi 5 au 6.

Leo nasema jambo ambalo najua wengine mtanibishia. Pampu nyingi tunazosema zimekufa kwa sababu ni za bei rahisi, hazikufa kwa urahisi wake. Zimeuawa na mafuta tuliyoyaacha ndani. Na lawama siyo ya mkulima peke yake. Sisi tunaokuja kutoa mafunzo tunafundisha kuwasha mashine, hatufundishi kuilaza.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu miche ya vitunguu ikishahamishiwa shambani haisubiri. Nina kikundi ninachokihudumia ambacho msimu mmoja kilivuta kamba ya pampu mpaka mikono ikachubuka. Plagi mpya, oili mpya, haiwaki. Fundi akapatikana baada ya siku kadhaa, akafungua kabureta, akakuta utomvu wa kahawia umeganda kama gundi. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Lakini miche ilishakauka matuta kwa matuta, na mkopo wa mbegu ulikuwa unadaiwa vilevile. Mkopo haujui habari za kabureta.

Tuelewane kinachotokea. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi sana. Ikikaa, vile vyepesi vinapaa kwanza, na ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Kinachobaki kinashikana na hewa, kinageuka utomvu unaonata. Sasa kabureta ina vitundu vidogo vya kupitisha mafuta, vyembamba kama tundu la sindano. Utomvu kidogo tu unaziba. Miezi 2 au 3 inatosha kuanza kuharibu petroli, hasa ikiwa kidogo ndani ya tenki na stoo ni ya bati linalochemka mchana.

Wapo wanaoniambia, "Afisa, acha mafuta kidogo, mpira wa ndani usikauke." Nasikia sana hiyo. Lakini mafuta kidogo ndiyo mabaya zaidi, maana hewa inakuwa nyingi na petroli chache. Wengine wanasema wataiwasha kila baada ya wiki 2. Sawa, kama kweli mtafanya. Ila waulize wenzako kwenye kikundi nani aliiwasha mwezi uliopita. Kila mtu atamtazama mwenzake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pampu ya petroli ilale bila petroli. Peleka mashine nje, mbali na jiko, injini ikiwa imepoa. Toa mafuta yote ya tenki kwenye dumu. Halafu iwashe, iache inywe yaliyobaki mpaka izime yenyewe. Ikishapoa, legeza skrubu ya chini ya kibakuli cha kabureta, tone la mwisho litoke, kaza. Badilisha oili. Fungua plagi, weka kijiko cha chai cha oili safi kwenye silinda, vuta kamba taratibu mara 2 au 3, rudisha plagi. Umemaliza.

"Sasa nimwage petroli na bei hii?" Hapana, usimwage. Tenki la pampu ya kawaida linachukua kama lita 3. Chuja, mpe bodaboda wa kwenu aitumie wiki hiyohiyo, akulipe. Kama ni mashine ya kupulizia dawa inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, hiyo usimpe bodaboda. Dawa yake ni kuchanganya kiasi cha kazi ya siku hiyo tu.

Hapa ndipo wengi wanachanganya: dizeli ni kinyume chake. Pawatila ilale tenki likiwa limejaa. Tenki lililo nusu lina hewa, na hewa ina unyevu. Usiku wa baridi unyevu unaganda kwenye kuta za tenki na kudondoka. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, yanaleta kutu. Na pale maji yanapokutana na dizeli wanaota vijidudu, wanatengeneza ute mweusi unaoziba chujio. Yakivuka hapo yanafika kwenye pampu ya dizeli na nozeli, na huko ndiko gharama ilipo. Jaza dizeli safi, acha nafasi ndogo ya kutanuka, kaza mfuniko. Msimu ukianza, kabla ya kuwasha, fungua skrubu ya chini ya tenki uondoe maji na tope, kisha badilisha chujio.

Tangu Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zimeingia wilaya nyingi. Ukipita vijijini utakuta baadhi zimegeuka mahali pa kuku kulala. Sisemi mafuta ndiyo sababu pekee. Spea ni tatizo, na kuna ardhi ambayo mashine ile haiiwezi. Lakini ukifungua tenki la hizo zilizolala, mara nyingi harufu peke yake inakupa jibu. Mnaoogopa kwamba dizeli iliyojaa itaibiwa, fungeni stoo kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili. Wizi ni tatizo la kufuli, tusilitatue kwa kuozesha mashine.

Kuna na hili la kuweka akiba. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wapo wanaojaza madumu Jumanne wakisikia bei itapanda. Kwa dizeli ya kazi ya wiki chache, kivulini, kwenye chombo safi, naelewa. Kwa petroli ndani ya nyumba ya kulala, nakataa kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukute moto wa jiko. Usiiweke chumba kimoja na mbolea kama CAN. Na tafadhali, siyo kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, msimtapishe. Mkimbizeni kituo cha afya.

Turudi kwenye msimamo wangu. Vikundi vyetu vina katiba zenye faini ya kuchelewa mkutanoni, lakini mashine iliyonunuliwa kwa jasho la watu wote haina hata sentensi moja. Naomba muongeze kifungu kimoja: mashine haipokelewi stoo mpaka mafuta yake yashughulikiwe mbele ya watu wawili, na daftari liandikwe tarehe, aliyefanya na aliyeshuhudia. Mtunza stoo awe na haki ya kuikataa mashine, hata kama imeletwa na mwenyekiti.

Na kwetu maafisa na wenzetu wa miradi: siku ya kukabidhi pampu tunapiga picha, maji yanaruka, watu wanapiga makofi. Vizuri. Tuongeze saa 1 ya kuonyesha namna ya kuilaza, na asiyeweza kufungua kibakuli cha kabureta kwa mkono wake asihesabiwe kuwa amehitimu.

Kama pampu yako imeshaingia stoo na petroli ndani, bado hujachelewa. Itoe kesho asubuhi, kukiwa na mwanga, ifanyie hayo niliyoeleza. Ukikwama, muulize afisa ugani wa kata yako. Ni kazi ya nusu saa na spana moja au mbili.

Tukutane shambani.