Usiku wa Ocean City Nao Uandikwe Kwenye Daftari

Kiangazi kimeshika, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Silver Spring, Hyattsville, Laurel na Alexandria swali ni lile lile: "Jamani, Ocean City lini?" Wengine wameshaanza kurusha picha za hoteli. Wengine wamekaa kimya. Wangependa kwenda, ila mwezi huu kuna ada, kuna dawa za mama, na kuna bati za nyumba ambayo haijaisha.

Tuseme msimamo wetu mapema: nendeni. Lakini usiku huo uandikwe kwenye bajeti kama inavyoandikwa kodi ya nyumba na hela ya kutuma nyumbani, na uwe umelipiwa kabla gari halijawashwa. Raha isiyoandikwa ndiyo inayotumaliza.

Wanaosema tusiende kabisa

Wapo ndugu zetu, wengi wao watu wazima wenye nia njema, wanaoamini kwamba aliyekuja kutafuta hana haki ya kukaa baharini huku nyumbani wanamsubiri. Hoja yao ina uzito. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani kama dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ilitoka hapa Marekani. Nyuma ya hela hizo kuna shifti za usiku, wagonjwa waliogeuzwa vitandani, maboksi yaliyobebwa na Uber zilizoendeshwa mpaka alfajiri. Hakuna anayetaka jasho hilo liishie baa.

Lakini sisi tunaoshinda na hesabu tunajua jambo moja: matumizi usiyoyaandika hayafutiki, yanahamia tu kwenye fungu la "mengineyo". Mtu anajinyima Januari mpaka Juni, hana hata siku moja aliyojipangia. Halafu Ijumaa saa kumi jioni rafiki anapiga simu, "Twende bana," naye anaingia garini na kadi ya mkopo tu mfukoni. Usiku mmoja, dola 600 zimekwenda.

Tupige hesabu. Kadi nyingi za mkopo hapa zinatoza riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Tuseme yake ni 24, na kila mwezi analipa dola 25. Deni litamchukua miezi 33 kuisha, na atakuwa ametoa kama dola 825. Yaani usiku mmoja wa Julai unalipwa kwa karibu miaka mitatu, na dola 225 zimekwenda benki bila kumnunulia hata soda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na raha pia ni mali.

Hesabu yenyewe

Ocean City iko kama maili 150 kutoka D.C. Unashika Route 50, unavuka Bay Bridge, na kwa saa tatu hivi umefika, kama foleni imekuhurumia. Ni mji wa wakazi wa kudumu wapatao 7,000 tu, lakini wikendi za katikati ya kiangazi hujaa watu laki kadhaa. Wenye hoteli na baa wanatafuta hela ya mwaka mzima kwa miezi mitatu. Ndiyo maana chumba kile kile kinapanda bei wikendi za Julai na Agosti, na kinashuka baada ya Labor Day.

Huu hapa mfano wa watu wanne, gari moja, Jumamosi moja ya Julai. Bei ni za kukadiria, weka za kwako:

- Petroli: maili 300 kwenda na kurudi, gari la maili 25 kwa galoni: dola 40
- Ushuru wa Bay Bridge: dola 2.50 kwa mwenye E-ZPass ya Maryland (unalipa kwenda tu, kurudi bure)
- Chumba cha vitanda viwili, pamoja na kodi: dola 320
- Chakula cha jioni, pamoja na kodi na bakshishi: dola 35 kila mtu, jumla 140
- Kiingilio cha disko: dola 20 kila mtu, jumla 80
- Vinywaji: dola 30 kila mtu, jumla 120
- Basi au teksi ya usiku: dola 30
- Dharura: dola 60

Jumla ni dola 792.50. Gawanya kwa wanne: dola 198 na senti kidogo. Tuseme 200 kila mtu.

Angalia yale mambo madogo. Asiye na E-ZPass na akasubiri bili ije nyumbani anatozwa zaidi pale pale ambapo mwenzake alitoa 2.50. Maryland inatoza kodi ya asilimia 6 kwenye chakula cha mgahawani lakini asilimia 9 kwenye pombe, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 inakuja juu ya hapo. Kinywaji kilichoandikwa dola 12 kwenye menyu kinakutoka kwa zaidi ya 15. Ukipanga kwa bei ya menyu, umeshajidanganya kabla hujaketi.

Na msisahau vya bure. Ufuko wa Ocean City hauna tiketi, tofauti na miji mingi ya New Jersey. Boardwalk, ile njia ya mbao ya karibu maili tatu kando ya bahari, unatembea bure mpaka miguu ichoke. Bebeni pilau na kuku kutoka nyumbani, mle mchana, jioni mnunue viazi vya Thrasher's, ambao wapo hapo tangu 1929. Ila pombe hairuhusiwi ufukweni wala Boardwalk, na faini yake haimo kwenye bajeti yetu. Na usiku msiingie majini: waokoaji wanakaa kazini saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni tu.

Shifti uliyoiacha

Kuna gharama ambayo hamtaiona kwenye risiti yoyote. Kima cha chini cha mshahara Maryland ni dola 15 kwa saa. Ukishakatwa makato, dola 200 ni karibu shifti mbili za saa nane. Sasa kama umeacha shifti ya Jumamosi na ya Jumapili ili uende, umetumia shifti mbili na umekosa mbili. Usiku huo umekugharimu nne.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi. Wengi wetu hatuna wikendi, tunalalamika kwamba siku yetu ya mapumziko ni Jumanne. Kwa safari hii, Jumanne ni bahati. Katikati ya wiki vyumba ni nafuu, Bay Bridge haina ile foleni ya Ijumaa jioni, na kiangazi Ocean City inacheza muziki karibu kila usiku. Chumba kikishuka mpaka dola 180, fungu la kila mtu linashuka mpaka dola 163, na hakuna shifti iliyopotea. Anayeweza kungoja Septemba angoje: maji bado yana joto, bei zimetulia.

Nani analipa?

Tuongee ukweli, maana hapa ndipo urafiki unapovunjika. Bili inakuja mezani, vijana wanaangalia simu, macho yote kwa kaka mkubwa au dada mwenye kazi ya ofisi. Ukubwa ni jalala, sawa, lakini jalala nalo lina watoto wa kusomesha. Mkubwa anayetaka kumlipia mdogo aliyefika mwezi jana, aseme kabla ya safari, na kiasi kiandikwe. Kumshtukiza mtu mezani si heshima.

Utaratibu tunaoutaka ni kama wa upatu au chama, ambao wote tunaujua. Mchagueni mhazini mmoja. Kila malipo ya wiki mbili, kila mtu anamtumia dola 25 kwa Zelle. Malipo manane, dola 200 zimetimia. Ambaye hajatimiza wiki moja kabla ya safari, nafasi yake anapewa mwingine, bila ugomvi. Mhazini anaweka hesabu kwenye grupu kila mtu aione.

Na asiyekunywa asilipie chupa. Kuna ndugu zetu wengi, kwa dini au kwa hiari yao, hawagusi pombe, na bado wanagawiwa bili sawa na waliokunywa mizunguko sita. Halafu huyo huyo ndiye dereva! Vinywaji viwe kwenye bili ya pembeni tangu mwanzo. Dereva naye asichangie petroli wala daraja. Watatu waliobaki wataongeza chini ya dola 4 kila mmoja.

Jambo moja la kadi: hoteli nyingi hushikilia kiasi cha ziada unapoingia. Ukitoa kadi ya debit yenye hela ya kodi ya nyumba, hela hiyo inaweza kufungwa kwa siku kadhaa. Mhazini aulize kabla.

Barabara ya kurudi

Kwenye orodha yetu, fungu tunalolitetea kuliko yote ni chumba. Kila mwaka wapo wanaosema, "Tusilale, tutarudi usiku huo huo, tuokoe dola 80 kila mtu." Tunawaomba msifanye hivyo. Ni saa tatu za giza kwenye Route 50, na aliye kwenye usukani ana usingizi au amekunywa.

Maryland, kilevi cha 0.08 kwenye damu kinatosha kukutia hatiani, na hata 0.07 kinatosha kwa shtaka dogo zaidi. Kuna Sheria ya Noah, iliyoanza Oktoba 2016 na kupewa jina la Noah Leotta, polisi wa Montgomery aliyegongwa na dereva mlevi kule Rockville Desemba 2015. Chini ya sheria hiyo, aliyetiwa hatiani kwa kuendesha amelewa anafungiwa kwenye gari kifaa cha kupuliza, bila hivyo injini haiwaki. Sasa fikirini kazi zetu. Dereva wa Uber mwenye kosa hilo hana kazi. Muuguzi ana leseni ya kuilinda. Mwenye viza ya muda anaweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu, kabla hata mahakama haijaamua. Na nyuma ya kila mmoja kuna mtoto Kisumu au Morogoro ambaye ada yake inategemea gari hilo lifike salama. Dola 80 za chumba ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote mtakazonunua mwaka huu.

Picha za status

Mwisho, nyumbani. Mnajua ilivyo: unaweka picha moja ya Boardwalk usiku, taa zinawaka, na kabla hujaamka zimeingia jumbe tano. "Naona mambo safi, shemeji. Basi lile jambo letu..." Wengi tumejifunza kuficha. Tunawazuia watu kwenye status, tunamwambia mama tuko kazini.

Sisi tunaona kuficha kunatugharimu zaidi. Uliyemficha mama unarudi na hatia, na hatia hutuma hela: wiki inayofuata unarusha dola 150 ambazo hazikuombwa wala hazikupangwa, ili moyo utulie. Ni afadhali kusema kweli: "Mama, hela ya mwezi huu nimetuma tarehe 1. Leo naenda baharini na wenzangu, nimeweka akiba miezi minne." Mama aliyewahi kuweka hela ya sikukuu kwenye fundo la khanga anaelewa lugha hiyo kuliko tunavyodhani. Na wale wa "jambo letu" wakiona kwamba una mpangilio, wataanza kuomba kwa mpangilio.

Kwa hiyo mfuatano wetu ni huu. Kwanza hela ya nyumbani, na itume kutoka akaunti ya benki au kadi ya debit ya hapa, maana tangu tarehe 1 Januari 2026 anayetuma kwa fedha taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1. Pili kodi ya nyumba na bili. Tatu akiba ya dharura, hata kama ni kidogo. Nne, dola 25 za bahari. Mwezi ambao tatu za kwanza hazikutosha, ya nne inasubiri, na safari inasogezwa mpaka Septemba.

Leo jioni chagueni mhazini, mpange tarehe ya katikati ya wiki, na mstari wa kwanza wa daftari uandikwe kabla mtu hajarusha picha nyingine ya hoteli.