Mwenye Kadi na Mwenye Nchi

Kesho, Jumatatu ya Agosti 4, 2025, Makambako itapata mbunge wake. Njombe Mjini nayo itapata wake, na kadhalika Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Msomaji makini atanisahihisha mara moja: uchaguzi mkuu ni Oktoba 29, na cha kesho ni kura za maoni za Chama Cha Mapinduzi. Nashukuru kwa kusahihishwa, ila sentensi yangu siibadili. Katika mkoa wetu Oktoba hutia muhuri tu. Uchaguzi wa 2015 majimbo yote sita yalikwenda CCM. Wa 2020 yote sita yalikwenda CCM. Anayetaka sauti juu ya nani atawasemea watu wa Njombe bungeni hana budi kuwa nayo kesho. Mimi kesho sitakuwa nayo.

Alhamisi nilikuwa nyumbani kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Makambako. Mzee ni balozi wa shina, mjumbe halali, mtu aliyeingia TANU akiwa kijana, na msimu huu nyumba yake haiishi wageni. Tukiwa tunaota moto, aliingia mtia nia mmoja, amepita "kusalimia tu". Alimpa mzee shikamoo kwa mikono miwili. Kisha akanishika mkono mimi, akamgeukia mwenyeji: "Na kaka huyu naye ni mjumbe?" Mjomba akajibu kwa ukweli wake: "Huyu ni mpwa wangu, anafundisha chuo kikuu. Mjumbe si mjumbe, na kadi hana." Mkono wangu uliachiwa hapohapo. Kwa nusu saa iliyofuata mgeni yule alizungumza na mzee kana kwamba kiti changu kilikuwa kitupu.

Simlaumu. Muda wake ulikuwa mchache na hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila nilikuwa na swali, nalo sikupata kumwuliza.

Swali langu lilihusu lumbesa. Asiye wa huku aelewe: mkulima wa viazi wa Njombe huuza kwa gunia, si kwa kilo, na gunia lenyewe hujazwa mpaka pomoni, kisha likashonewa kilemba juu ya mdomo wake. Bei hutajwa ya gunia moja. Kilemba huondoka bure. Sheria ya Vipimo inakataza, viongozi hukemea kila mwaka, na malori yenye vilemba huendelea kupita Makambako kwenda Dar es Salaam mchana kweupe. Nilitaka kumwuliza mtia nia: wewe utafanya nini ambacho waliokutangulia hawakukifanya? Na nilikuwa na la pili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Mkoa wenye viazi, mahindi, maharage, maziwa na parachichi unalea watoto ambao nusu yao hawakui ipasavyo. Je, si haki kila anayeutaka ubunge wa huku ajibu kwa nini, mbele ya mama wa mtoto huyo, awe na kadi au asiwe nayo?

Mgeni alipoondoka, mjomba alinigeukia kwa upole. "Mjomba, kata kadi. Kadi haiumi." Aliendelea: huku chama ni kimoja, hata ukiita vingi, mwenye busara hupanda basi linalokwenda. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, hunipa hoja hiyohiyo kwa kanzu ya kisomi. Hunikumbusha Tabora, Januari 1958, TANU ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliuchukia utaratibu ule wa kibaguzi, lakini Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie, nao wakashinda. Basi wewe ni nani, huniuliza, hata ususe?

Nakiri kwamba hoja hii imeninyima usingizi. Lakini haikai sawa. TANU iliingia uchaguzi wa kura tatu kama TANU, ikiwa na wagombea wake na jina lake. Haikuombwa kwanza ivae sare ya United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na Gavana. Mimi naombwa niape imani nisiyo nayo ili nipate nafasi ya kuchagua nani atanipinga kwa adabu zaidi. Huko si kushiriki. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo katika mtihani humwita kwa jina lake.

Tena kadi yenyewe isingetosha. Katika kura za maoni za 2010 na 2015 kila mwanachama wa CCM alikuwa na kura. Tangu 2020 wanaopiga ni wajumbe. Ndio mwaka ule nchi nzima ilijifunza kutania kwamba wajumbe si watu. Na mjumbe mwenyewe huchagua kati ya majina yaliyochujwa Dodoma. Wiki iliyopita, Julai 26, chama kilibadili katiba yake kwa mkutano mkuu uliofanyika mtandaoni ili Kamati Kuu iweze kurudisha majina zaidi ya matatu. Julai 29 majina yakatangazwa, na wabunge wenye majina makubwa wakajikuta nje. Baada ya wajumbe kupiga kura, vikao vya juu bado vina neno la mwisho: mwaka 2020 walikuwapo walioongoza wakaachwa, na waliokuwa nyuma yao wakateuliwa. Raia wa kawaida wa Makambako anasimama nje ya nyumba yenye milango mitatu, na hana ufunguo hata wa ule wa kwanza.

Hapa ndipo historia yetu inaponiaibisha. Mwaka 1965, chini ya katiba ya chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Wagombea walikuwa lazima wawe wanachama, na Halmashauri Kuu iliwachuja. Lakini uamuzi wa mwisho baina ya wawili wale ulikuwa wa kila mtu mzima aliyejiandikisha, mwenye kadi na asiye na kadi. Na watu waliutumia: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa kwao Mwanza. Siutamani mfumo ule, maana uliwanyamazisha wengi na uliacha wenye fikra tofauti bila pa kwenda. Nasema tu kwamba bibi asiye na kadi mwaka 1965, kwa jembe na nyumba, alikuwa na nguvu juu ya mbunge wake ambayo mjukuu wake hana leo katika nchi yenye vyama karibu ishirini.

Najua jibu nitakalopewa, nalo ni zito: chama ni cha wanachama, na hakuna chama kinachowaita majirani wakichagulie mgombea. Kweli kabisa. Nisingependa mashabiki wa CCM waje kuchagua mgombea wa chama ninachokiunga mkono. Ndiyo maana simwombi mjomba anifungulie mlango wa chama chake. Nauliza kwa nini nchi haina mlango mwingine.

Marekani walilikuta tatizo hili kwa sura ya kutisha zaidi. Katika jimbo la Texas chama cha Democratic kilishinda kila kitu kwa miongo mingi, na kanuni yake iliwaruhusu weupe peke yao kupiga kura ya mchujo. Mweusi aliachiwa kura ya Novemba, ambayo haikuamua lolote. Chama kilijitetea kwamba ni jumuiya binafsi yenye haki ya kuchagua wanachama wake. Mwaka 1944, katika shauri la Smith v. Allwright, Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo: dola ikishaufanya mchujo wa chama kuwa sehemu ya mtambo wake wa uchaguzi, ubaguzi wa chama ni ubaguzi wa dola. Wakili mmojawapo alikuwa Thurgood Marshall, aliyekuja kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Sifananishi ngozi na kadi. Kadi hukatwa kwa siku moja, ngozi haibadiliki. Ila kanuni ni moja: panapokuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia bungeni, mlango huo haubaki mali binafsi.

Na kwetu mlango ni mmoja kwa amri ya sheria. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Kisha Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Soma zote tatu kwa pamoja, ndugu msomaji, uniambie zinakaaje nyumba moja.

Aliyeliona hili mapema alikuwa mtu wa mkoa huu huu, Mchungaji Christopher Mtikila wa Ludewa. Sikukubaliana naye kwa mengi, na maneno yake dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia yalikuwa ya kuchukiza. Lakini kwa jambo hili alisimama imara kwa miaka ishirini. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa haki Mahakama Kuu ya Dodoma. Serikali ikabadili Katiba. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Akaenda Arusha, na Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatamka kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake kwa kuwazuia wagombea huru. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimkubali mgombea huru. Kura ya maoni ya katiba iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikufanyika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4 mwaka huohuo, na hukumu yake imebaki karatasi.

Mwaka huu kukosekana kwa mlango wa pili kunauma kuliko miaka yote. Barabara inayochepuka Makambako ikapita Njombe hufika Songea, kisha Mbinga, na ni Mbinga ambako Tundu Lissu alikamatwa Aprili 9 baada ya mkutano wa hadhara, akashitakiwa kwa uhaini. Aprili 12 CHADEMA ikaambiwa haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Mtu anaweza kulaumu uamuzi wa chama hicho wa kutosaini. Mimi mwenyewe nina maswali. Lakini mpiga kura wa Njombe aliyetaka mageuzi hakukataa kusaini chochote. Hakuulizwa. Kosa, kama ni kosa, lilitendwa na viongozi, na adhabu ikamwangukia yeye, kwa sababu sheria haimtambui ila kupitia chama.

Wenzangu wa mrengo wa mageuzi nao wasijipake manukato. Iringa Mjini na Mbeya Mjini zilikuwa na wabunge wa upinzani kuanzia 2010 hadi 2020. Misafara yetu kati ya miji hiyo miwili ilipita Makambako miaka kumi, ikasimama kununua mahindi ya kuchoma na kuendelea. Viazi vya Njombe hatukuvijua, na lugha ya lumbesa hatukuisema. Mjomba wangu hakuikumbatia CCM kwa woga. Aliikumbatia kwa sababu balozi mwenzake humtembelea akiugua. Anayetaka kumshinda balozi aanze kwa kutembelea wagonjwa.

Basi tufanye nini? Wanaharakati, dai la mgombea huru lisifungwe kabatini kungoja Katiba mpya. Linahitaji marekebisho ya ibara chache, na hukumu ya Arusha iko mkononi. Watumishi wa umma, sikuombeni siasa kazini. Nawaomba takwimu za udumavu na za vipimo vya mazao zibandikwe penye macho ya kila mtu, na raia akija kusikiliza Baraza la Madiwani apewe benchi bila kuulizwa ni wa chama gani. Wanafunzi, msikate kadi kwa ajili ya ajira, na aliyeikata kwa imani msimzomee. Mimi Oktoba nitakwenda kituoni kwa ajili ya kura ya diwani, kwa maana ushuru wa gunia hupangwa na halmashauri; anayesusia simwiti msaliti, naye asiniite hivyo.

Kesho asubuhi mjomba atavaa koti lake la baridi na kwenda kupiga kura. Nimemwomba, watia nia wakiruhusiwa kuulizwa maswali, aulize la lumbesa. Amekubali. Nimemshukuru kwa dhati. Nina miaka arobaini na minane, nina shahada tatu, nalipa kodi kila mwezi, na katika uchaguzi wa mbunge wangu nitawakilishwa na mzee mmoja mwema, kwa hisani yake, kama atakumbuka.