Mguu Mmoja, Magurudumu Manne

Mwandishi mmoja anadai kwamba mifumo ya kielektroniki ya kuzuia gari kuserereka ni urembo wa Ulaya, wa theluji. Huku Garsen, asema, tairi nzuri na dereva mzoefu vyatosha.

Tairi nzuri, sawa. Hata tope jeusi la njia ya Ngao nampa: ukikwama, mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure hukata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji. Ndiyo maana kuna kitufe cha kuuzima. Kibonyeze.

Kinachochekesha ni huo "uzoefu wa mguu". Unakimbiza gari kuelekea Minjila, magunia ya maembe juu ya keria, ng'ombe wa Waorma huyo anaingia barabarani. Unakata usukani kulia, unaurudisha kushoto, mkia wa gari unatoka. Dawa ni kushika breki gurudumu moja tu, la mbele upande wa nje. Haya mzoefu, kwa pedali ipi? Unayo moja, na inashika yote manne. Mfumo wa kuzuia kuserereka hulinganisha usukani na mwendo halisi wa gari, ukashika gurudumu hilo kabla hujamaliza kusema "Lahaula".

Theluji? Mwaka 1997 Mercedes A-Class ilipinduka Sweden kwenye lami, kwa kukwepa tu. Kampuni ikaufunga mfumo huo katika kila gari la aina hiyo. Tangu 2014 Umoja wa Ulaya waudai kwa kila gari jipya, Malta ikiwemo, ambako theluji ni hadithi.

Eti sensa za mfumo huo zikiharibika fundi hapatikani. Breki nazo huharibika. Mbona zake hajazing'oa?