Siri ya Mgonjwa Ndani ya Simu ya Nyumba



Juma lililopita nilikuwa Nairobi kumzuru binamu yangu anayekaa Umoja, katika mitaa ile ya mashariki ya jiji iitwayo Eastlands. Baada ya swala ya Isha, watoto walipokwisha lala, aliniambia: “Dadangu, nina jambo limenikaa rohoni. Ukiona lina faida kwa wanawake wenzetu liandike, ila jina langu nisitirie.” Nami namsitiri.

Alikwenda katika kituo kimoja cha afya cha binafsi kupimwa. Akaandikisha namba ya simu, akaambiwa matokeo yatatumwa humo, asiwe na haja ya kupanga foleni tena. Simu yenyewe ni ile ya nyumba: ndiyo ipokeayo pesa, ndiyo inunuliwayo tokeni za umeme, na ndiyo watoto wafanyiayo kazi za shule. Ujumbe uliingia alasiri, mama yuko jikoni. Mwanawe wa miaka 13 akaufungua, akausoma kwa sauti mbele ya mawifi waliokuja kutembea.

Ugonjwa wenyewe siutaji, kwani ni siri yake. Alhamdulillahi, amekwisha pona. Lakini kwa muda wa miezi 3 hakurudi kituoni, wala dawa alizoandikiwa hakuzichukua. Hakuwa akikhofu ugonjwa. Alikuwa akikhofu simu.

Kisa hiki kimenifanya nitafakari sana. Tunaambiwa kwamba tiba mtandao inamleta daktari mpaka nyumbani, na ni kweli. Lakini nyumba zetu nyingi za Majengo, Kayole na Umoja ni chumba kimoja au viwili, ukuta ni mwembamba na simu ni moja. Daktari akija kwa njia hiyo, huja mbele ya kadamnasi.

Hata hivyo, tusiikimbie neema kwa sababu ya kasoro yake. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na huduma hizi zina manufaa makubwa. Mama mjamzito anayekwenda kliniki katika hospitali nyingi za serikali anaweza kujiunga na huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health. Hupokea ujumbe mfupi bila malipo, kwa Kiswahili au Kiingereza, na akiwa na swali huliandika akajibiwa. Haihitaji simu ya bei kubwa wala bando. Ile ndogo ya vitufe yatosha. Mjamzito aliyeamka usiku wa manane na wasiwasi, naye hana wa kumuuliza, ndiye ajuaye thamani ya jibu lile.

Vilevile, tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na homa, pamoja na simu za kuandikia habari za kila nyumba. Wengi wao ni wanawake wa mtaani petu, tunaokutana nao sokoni na harusini. Na ni mmoja wa hawa aliyemrudisha binamu yangu kwenye matibabu. Alimjia kwa miguu, akaketi naye kitako, wakasema kwa sauti ya chini. Chombo kilikuwa mkononi mwake, lakini kilichoponya kwanza ni ule ukunjufu wake.

Sasa tutazame upande wa haki, kwa kuwa wengi wetu hatujui kwamba tunayo. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba kwa njia ya mtandao kuwa ni huduma halali nchini Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya miongoni mwa habari nyeti, zisizofaa kushikwa wala kupelekwa ovyo. Ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, inayosimamia namna rekodi za wagonjwa zitakavyowekwa na kupelekwa baina ya vituo. Mwaka uliofuata, mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na usajili wake ukawa ni wa simu na mtandao. Kwa hiyo, namba unayoitaja dirishani pale mapokezi imekuwa ni ufunguo, na ufunguo haupewi kila mtu.

Kwetu sisi jambo hili si la sheria za nchi peke yake. Siri ni amana. Aibu ya Muislamu husitiriwa, na maradhi ya mtu si habari ya kutandazwa barazani. Amana hii ni ya daktari, ni ya karani wa mapokezi, na ni yetu sisi pia tunaoshika simu zisizo zetu. Mume asiseme, “Simu ni yangu, basi na ujumbe ni wangu.” Mwenye kununua simu amenunua chombo, siri za mkewe hakuzinunua.

Naomba basi tuyazingatie mambo machache.

Kwanza, ukiandikisha namba, uliza: ujumbe utaandikwa nini? Mwambie mhudumu kwa adabu, bila haya, kwamba simu hiyo inatumiwa na watu wengi, na kwamba waandike tu, “Tafadhali fika kituoni.” Maneno hayo matatu yangetosha kumwokoa binamu yangu na miezi 3 ya mateso.

Pili, ukitakiwa utume picha ya sehemu ya mwili, usifanye haraka. Omba daktari wa kike kwanza. Asipopatikana na dharura ikawapo, wanazuoni wetu wamekwisha fafanua kwamba huonyeshwa kile tu kinachohitajika kwa tiba. Uliza picha itahifadhiwa wapi na ni nani atakayeiona, nawe uifute kwenye simu yako. Kamwe usiitume katika kundi la WhatsApp, hata likiwa la wanawake watupu.

Tatu, hakikisha unayezungumza naye ni daktari kweli. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya waliosajiliwa ambayo mtu yeyote aweza kuitazama mtandaoni. Anayekataa kutaja jina lake kamili na usajili wake, mkatie simu.

Nne, na hili ndilo kubwa: yako mambo yasiyongoja simu. Mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa na kichwa kisichotulia huku macho yakiona kiwi, aliyevimba uso na mikono, au asiyehisi mtoto akicheza kama kawaida, asitafute mtandao. Aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe Pumwani, iliyozalisha mama zetu tangu 1926, iwe Mama Lucy Kibaki, au yoyote iliyo karibu. Vivyo hivyo mtoto anayeshikwa na degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila anachopewa.

Tano, tuwafunze watoto wetu. Tunawafunza kubisha hodi mlangoni na kungoja waitikiwe. Basi na tuwafunze kwamba ujumbe wa mtu nao ni mlango.

Kabla sijaagana naye, binamu yangu alinionyesha simu ndogo ya vitufe aliyonunuliwa na mumewe baada ya kukielewa kisa chote. Mumewe hakusema mengi. Alimpa ile simu na laini mpya, akamwambia, “Hii ni yako, na namba ya siri weka wewe.” Nikaona kwamba katika nyumba ile, huduma ya afya ya mtandao imeanza siku hiyo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awazidishie subira wanaowauguza, na atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin. Tukutane juma lijalo, inshallah.