Tatizo Si Wati, Tatizo ni Umbali

Najua nimepotea kidogo, mambo ya chumba cha habari mnayajua wenyewe. Leo nimerudi na mada itakayowashtua baadhi yenu: taa za LED za kuoteshea bangi ndani ya nyumba.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, niseme mapema. Hapa Bongo sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kulima bangi, iwe shambani iwe chumbani, na mimi sina shamba wala chumba cha ziada. Nazungumzia Kanada. Kule bangi ni halali kwa watu wazima tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na katika jimbo la Ontario nyumba moja inaruhusiwa kuotesha miche isiyozidi minne.

Huko nina jamaa yangu niliyesoma naye sekondari. Anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Mwaka jana alijibana, akanunua taa yake ya LED. Kwenye boksi pameandikwa 1000 kwa maandishi makubwa. Akanipigia simu ya video kunionyesha, nami mwandishi wa habari mzima, ninayejifanya kuhoji kila kitu, nikamwambia: "Hongera kaka, hiyo ni mashine!" Sikuuliza hiyo 1000 ni ya nini.

Kwa kuwa aliamini ana wati 1000, akaogopa kuunguza miche. Akaitundika taa juu kabisa karibu na dari. Baada ya wiki moja miche ikawa myembamba na mirefu, imeinama kama watu wanaochungulia dirishani. Ilikuwa inautafuta mwanga. Jamaa akahamaki, akaishusha taa mpaka ikabaki shibiri moja tu juu ya majani. Siku chache baadaye majani ya juu yakaanza kupauka yakawa meupe, kingo zikajikunja kwenda juu. Akanipigia tena: "Kaka, taa haitoshi. Nanunua ya pili."

Hapo ndipo nilipoamka. Nikamwambia asome maandishi madogo nyuma ya taa. Akakuta wati 110. Ile 1000 ya kwenye boksi ilikuwa "sawa na" taa ya aina nyingine, kwa hesabu anayoijua muuzaji peke yake. Kwa hiyo mwenzangu alikosea mara mbili, mara ya kwanza akiwa mbali mno na mara ya pili akiwa karibu mno, na makosa yote mawili yalitokana na namba moja ya uongo. Nami nilimpongeza.

Msimamo wangu ni huu: wauzaji wanatuuzia wati kwa sababu wati zinauzika. Umbali hauuziki. Kupandisha kamba sentimita 20 hakumwingizii mtu senti, ndiyo maana hakuna anayelitangaza hilo.

Ukweli ni kwamba mmea haujui taa yako ilinunuliwa bei gani. Unajua mwanga unaolifikia jani. Mwanga ukitoka sehemu ndogo, ukiongeza umbali mara mbili unabaki robo. Kwa taa pana yenye vitaa vingi, au chumba chenye kuta zinazoakisi, haupungui kwa kasi hiyo, lakini unapungua. Na macho yetu hayafai kupima, maana yamezoea kujirekebisha. Chumba kinachokuumiza macho kinaweza kuwa giza kwa mmea. Hata ile mbinu ya kuweka mkono chini ya taa kusikilizia joto ni ya enzi za taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa kama za barabarani. Joto la LED hutoka zaidi mgongoni. Mkono utakuambia pako shwari huku majani yanapauka.

Wenye uzoefu hupima mwanga kwa mikromoli zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Miche michanga hupewa kama 100 hadi 300, inayokua 300 hadi 600, inayotoa maua 600 hadi 900. Kipimo chenyewe ni ghali, lakini kama taa ni nyeupe unaweza kutumia programu ya simu inayopima lux, ukagawanya kwa 65 au 70. Lux 20,000 ni kama mikromoli 300 hivi. Ni makadirio tu, lakini ni bora kuliko boksi. Pima kwenye ncha ya mmea, usipime kwenye chungu, na pima pembeni pia, maana katikati ya taa hupendelewa siku zote. Mmea ukirefuka, taa nayo ipande.

Sasa kilichonichekesha. Haya yote mama yangu anayajua, na hajawahi kuona taa ya aina hiyo. Akiotesha nyanya kwenye kitalu, anajenga kichanja na kuezeka nyasi juu. Siku za mwanzo kivuli kizito, halafu anapunguza nyasi kidogo kidogo mpaka miche izoee jua. Taa ya jamaa yangu ilihitaji kichanja cha mama: ianze mbali, isogee taratibu, majani ndiyo yatoe ruhusa. Sisi tuliosoma tukauita ushamba, halafu tukaenda kuamini boksi.

Na hiyo taa ya pili si mchezo. Wati 110 kwa saa 18 ni karibu uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Kwetu kuna familia nzima inayoishi kwa hizo. Watafiti wa Colorado State University walikadiria mwaka 2021 kwamba kilo moja ya maua makavu yaliyooteshwa ndani ya majengo Marekani huambatana na kilo 2,283 hadi 5,184 za gesijoto, kutegemea mahali. Ukishaamua kufanya kazi ya jua kwa umeme, angalau usiimwage.

Jamaa hakununua ya pili. Aliipandisha ile ile hadi sentimita 50, miche miwili ikapona, miwili ikafa. Pesa ya taa ya pili amemtumia mama yake kwa ajili ya mabati.

Mimi nimebaki na swali langu la kazini: ni mara ngapi nimeandika namba ya kwenye boksi bila kugeuza nyuma? Nanyi wadau, mnasemaje?