Tundu la Tatu Ukutani

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule hii soketi ya umeme iliyo salama ni ipi, naye atakujibu mara moja, "Ile yenye matundu matatu." Ndugu wasomaji, jibu hilo halitoshi, na kwa nyumba za zamani ni jibu la hatari. Naandika kwa kuwa wenzangu wa Kidato cha Sita watakwenda kupanga vyumba mijini mwaka huu, na tena kwa kuwa mabwana waliotutangulia shuleni, ambao hulisoma gazeti hili, wengi wao sasa ni wenye nyumba. Tundu la tatu halishuhudii kitu. Ni tundu tu, mpaka ijulikane kwamba nyuma yake pana waya, na ya kwamba waya huo unafika ardhini kweli.

Umeme wa majumbani kwetu Uganda ni wa volti 240. Waya wa moto huuleta, waya wa nyutro huurudisha. Waya wa tatu, yaani wa ardhi, hauna kazi siku za kawaida, na ndiyo maana hakuna auulizaye habari zake. Kazi yake huja siku ile waya wa moto ndani ya pasi unapochunika na kugusa bati la pasi. Kama ardhi ni nzuri, umeme mwingi hukimbilia huko kwa ghafula, fyuzi hukatika, pasi hufa. Kama ardhi haipo, pasi haifi. Huendelea kupata moto na kunyoosha mashati vizuri sana, na bati lake lote lina volti 240, likimngoja mtu wa miguu mitupu juu ya saruji yenye maji.

Labda mtu atasema kwamba fyuzi itamwokoa. Basi na tufanye hesabu, maana Kanuni ya Ohm hatukufundishwa kwa ajili ya mtihani peke yake. Balbu ya wati 60 hutumia robo ya ampea, yaani miliampea 250. Umeme wa miliampea 30 tu, ukipita kifuani, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya plagi yetu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mtu anaweza kufa na fyuzi isipate habari. Fyuzi iliwekwa ili waya usiungue na kuchoma nyumba. Kumlinda mtu si kazi yake.

Sasa tazameni nyumba zenyewe. Mtambo wa Owen Falls, ambao leo huitwa Nalubaale, ulifunguliwa mwaka 1954, na zipo nyumba Jinja na Kampala ambazo zilitiwa nyaya katika miaka ile. Soketi za zamani zilikuwa za pini za mviringo, na baadhi yake zilikuwa na matundu mawili tu. Hazikuwaua wenyeji wake, kwa maana mle ndani palikuwa na taa kadha na redio yenye sanduku la mbao. Leo katika chumba kile kile pana birika, pasi, friji na jiko la umeme, vyote vya chuma. Tena mpira uliofunika nyaya nyingi za siku zile hukauka kwa uzee na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kwa hiyo wale wasemao, "Babu aliishi humu miaka arobaini na hakudhurika," wanasema kweli juu ya babu, lakini babu hakuwa na friji.

Mpangaji anapolalamika kwamba plagi yake ya pini bapa haiingii, mwenye nyumba hununua soketi mpya nyeupe ya matundu matatu, na fundi wa mtaani huifunga juu ya nyaya zile zile mbili za zamani. Kazi huisha kwa dakika kumi na ukuta hupendeza. Mimi nasema ingekuwa heri soketi ile mbovu ya matundu mawili ingeachwa, maana ile haikumdanganya mtu.

Ndugu yangu mmoja amepanga nyumba ya namna hiyo. Nilipomtembelea wakati wa likizo, mkewe alinionya nisiguse mlango wa friji bila viatu, kwa sababu "inatekenya." Watoto wanalijua jambo hilo kama wanavyojua kwamba mbwa wa jirani huuma. Mwenye nyumba alipoambiwa alijibu, "Vaeni kandambili." Na kweli jozi moja ya kandambili imewekwa mbele ya friji hiyo, kama mbele ya choo. Nilipotazama mlangoni pa nyumba niliona rangi mpya, na dirishani vyuma vipya. Fedha zilikuwapo.

Yapo madanganyo mengine yaliyo ya siri zaidi. Fundi mvivu huchukua kipande kidogo cha waya na kuunganisha nyutro na ardhi ndani ya soketi yenyewe. Ukichomeka kile kipimo kidogo chenye taa tatu, taa zitaonyesha kwamba mambo ni mazuri. Lakini siku waya wa nyutro ukikatika, birika lililochomekwa hapo litapata umeme kwenye mwili wake wote, hata kama birika lenyewe ni zima. Kwa hiyo kipimo cha taa tatu chafaa kwa kugundua soketi mbaya, wala hakifai kwa kuthibitisha iliyo njema.

Tena zipo nyumba za zamani ambazo waya wa ardhi ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, lililokuwa limezikwa ardhini. Desturi hiyo ilifanya kazi vizuri. Kisha bomba likapata kutu, akaja fundi wa maji akaweka la plastiki, akaenda zake. Plastiki haipitishi umeme. Katika saa moja nyumba nzima ilipoteza ardhi yake, na hakuna aliyejua, kwa kuwa taa ziliwaka jioni ile kama kawaida. Fundi wa maji simlaumu sana, nani alimwambia?

Hata nondo ya shaba iliyopigwa ardhini nyuma ya nyumba haitoshi kuonekana kwa macho. Tuseme njia ya kupita kwenye nondo hiyo na udongo wake ina ukinzani wa omu 20. Gawanya volti 240 kwa 20, utapata ampea 12. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika! Na wakati wa kiangazi udongo ukikauka, ukinzani huzidi. Mafundi wengi hupima ardhi kwa balbu, wakiishika kati ya waya wa moto na waya wa ardhi, na ikiwaka husema, "Ardhi ipo." Lakini balbu ya wati 60 ina ukinzani wa omu 960, hivyo hizo 20 haizihisi, itapata volti 235 na kuwaka vizuri mbele ya ardhi isiyoweza kukata fyuzi.

Dawa ya jambo hili ipo, nayo ni swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata wote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata nondo ikiwa na ukinzani wa omu 200, bati la pasi likipata umeme zitavuja ampea 1.2, nazo ni mara arobaini ya kiasi kile. Ina kitufe cha kujaribia, ambacho chafaa kubonyezwa mara kwa mara. Lakini kitufe hicho huijaribu swichi yenyewe tu, hakijaribu waya wa ardhi, kwa hiyo kimoja hakiondoi haja ya kingine.

Sitaki mtu aogope kila kitu. Chaja ya simu na vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa visihitaji ardhi. Ila desturi ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili chaja ya pini mbili iingie naichukia, maana pini ndefu ya ardhi ndiyo iliyowekewa kazi ya kufungua vile vifuniko vya ndani, wala si kalamu.

Neno langu kwa wenye nyumba ni hili: kabla ya rangi, ardhi ipimwe. Aitwe fundi mwenye kibali cha Halmashauri ya kusimamia umeme, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, naye aje na mita ya kupimia ardhi, si balbu. Azime swichi kuu, afungue kila soketi, aandike namba alizopata, na mpangaji apewe nakala. Anayepanga naye aulize karatasi hiyo kabla ya kutoa kodi ya kwanza. Akiambiwa haipo, azunguke nyuma ya nyumba aone kama waya unaoshuka kwenye nondo bado upo. Pengine aliyeuza shaba amekwisha kuupitia. Na akiona waya umekatika asiuguse, amwite fundi.